ADABU ZA KUULIZA SAA
Jinsi kompyuta zinavyopata wakati sahihi kupitia mtandao



Baadhi ya wanafunzi wa madarasa ya juu wameuliza swali zuri ambalo halijibiki kwa sentensi moja. Kompyuta mbili ziko chumba kimoja, zina programu ile ile ya nyakati za swala, mji uliochaguliwa ni ule ule, lakini moja inaadhini na nyingine inanyamaza dakika saba ndiyo nayo inaadhini. Ipi ni kweli? Na je, zote mbili zinaweza kuwa si kweli?

Swali hili si dogo. Aya ya 103 ya Suratun-Nisaa inaifunga swala na nyakati zake, na funga nayo ina mpaka wa alfajiri na mpaka wa magharibi. Anayefuturu akidhani jua limezama, kisha ikabainika kwamba lilikuwa bado, kauli ya wanazuoni wengi ni kwamba atailipa siku hiyo. Basi tukishaiweka kompyuta au simu mahali pa kutuambia wakati, ni haki yetu kujua yenyewe imeambiwa na nani.

SAA ILIYOMO NDANI YA KOMPYUTA

Ndani ya kompyuta mna kipande kidogo cha kioo cha kwatzi kinachotetemeka kwa kasi maalumu, na mashine huhesabu mitetemo hiyo ikapata sekunde. Ni kitu kile kile kilichomo katika saa ya mkononi ya bei nafuu, wala si bora zaidi. Hukimbia au kuchelewa sekunde moja au mbili kwa siku, na joto la chumba huizidisha kasoro hiyo. Kwa mwezi mmoja kupishana dakika nzima si ajabu.

Kompyuta ikizimwa, saa hiyo huendeshwa na betri ndogo bapa ya volti 3, ile inayofanana na sarafu. Betri ikifa, kila umeme unapokatika mashine husahau tarehe na kurudi miaka mingi nyuma. Sisi tuliopitia mgawo wa umeme wa mwaka 2006 tunaijua hali hiyo vizuri. Madhara yake hayaishii kwenye adhana. Tovuti za benki, za shule na za maombi ya vyuo hukataa kufunguka, kwa sababu vyeti vyao vya usalama vina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kompyuta inayodhani tuko mwaka 2005 huviona kuwa bado havijaanza kutumika. Watu wengi hulilaumu bando, kumbe ni betri ya bei ndogo tu.

KUTUMA MTOTO KUULIZA SAA

Dawa ya saa inayopotea ni kuuliza. Kompyuta huuliza kompyuta nyingine iliyo na saa bora, kwa utaratibu unaojulikana kama NTP. Aliyeuasisi ni Profesa David Mills wa Marekani, mtu aliyezaliwa na maradhi ya macho na ambaye uoni wake ulipotea uzeeni. Maelezo yake ya kwanza ya utaratibu huu yalitoka mwaka 1985, na alifariki Januari 2024. Leo mashine zisizohesabika hutumia kazi yake bila wenye mashine hizo kumjua.

Ugumu wa kuuliza saa ni kwamba jibu huchelewa njiani. Chukueni mfano. Saa yangu inasema saa 4 kamili asubuhi, nami naishuku. Namtuma mtoto kwa jirani mwenye saa nzuri. Mtoto anafika, na saa ya jirani inasema saa 4, dakika 5 na sekunde 8. Mtoto mwenye adabu haanzi na swali, anaanza na salamu na shikamoo, kwa hiyo anaondoka pale saa 4, dakika 5 na sekunde 12. Anarudi kwangu wakati saa yangu inasema saa 4 na sekunde 20.

Sasa tupige hesabu. Safari yote imechukua sekunde 20, na 4 kati ya hizo zilikwenda kwenye salamu. Zimebaki 16 za njiani, yaani 8 za kwenda na 8 za kurudi. Aliondoka kwa jirani ikiwa sekunde ya 12, akatumia 8 kurudi, basi sasa hivi saa ya jirani inasema saa 4, dakika 5 na sekunde 20. Yangu imechelewa dakika 5 barabara. Hivyo ndivyo NTP inavyofanya, kwa nyakati nne zilizoandikwa: kuondoka, kufika, kuondoka tena na kurudi. Udhaifu wake uko mahali pamoja: inachukulia kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Njia moja ikiwa na msongamano na nyingine nyeupe, hesabu hupotoka kidogo. Ndiyo maana jirani wa karibu ni bora kuliko wa mbali.

Tena programu nzuri haiirushi saa ghafla. Kosa likiwa dogo, huiharakisha au kuipunguza mwendo kidogo kidogo mpaka ilingane, ili kumbukumbu zilizomo zisije zikaonyesha jambo la pili limetokea kabla ya la kwanza. Kosa likiwa kubwa mno, programu ya zamani iitwayo ntpd hugoma kabisa. Ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1000, kama dakika 17 hivi, hujifunga na kumwachia mwenye mashine aamue. Mimi naona huo ni uangalifu mzuri, ingawa humsumbua fundi.

SANAD YA SAA

Wanafunzi wa hadithi watalielewa jambo linalofuata haraka kuliko mafundi. Jirani naye amepata wapi saa yake? NTP inamlazimu kila mtoa saa aseme amepokea kutoka kwa nani na yuko hatua ya ngapi kutoka kwenye chanzo. Chanzo ni saa za atomu, zikiwemo zile zilizomo katika setilaiti za GPS. Kompyuta iliyounganishwa moja kwa moja na chanzo ni daraja la 1. Inayopokea kwake ni daraja la 2, na kuendelea mpaka la 15. Mashine inayotaja daraja la 16 inakiri kwamba haina ilikopokea, na saa yake haichukuliwi.

Sanad fupi si lazima iwe na mpokezi bora. Mashine ya daraja la 1 inaweza kuwa na kasoro ya kifaa na ikatoa saa potofu kwa sauti ya kujiamini. Kwa hiyo kompyuta makini huuliza wengi, hulinganisha, na humwacha anayepingana na wenzake. Ukiwa na watoa saa wawili na wakahitilafiana, huwezi kujua nani kakosea. Watatu huenda wakatosha, lakini mafundi hushauri wanne, ili mmoja akikosea au akinyamaza wabaki watatu wa kushuhudiana.

KUULIZA KUNA ADABU

Hapa ndipo nilipotaka tukae kidogo. Saa mtandaoni hutolewa bure, na watu hudhani kitu cha bure hakimgharimu mtu. Tazameni yaliyotokea.

Mwezi Mei 2003, Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, Marekani, kiliona mafuriko ya maswali kwenye mashine yake ya kutoa saa. Yalipozidi yalifikia maswali kama 250,000 kwa sekunde moja. Walidhani ni shambulio la wahalifu. Walipochunguza walikuta ni ruta ndogo za majumbani za kampuni ya Netgear, maelfu kwa maelfu. Mtengenezaji alikuwa ameiandika anwani ya chuo ndani ya kifaa bila kuomba ruhusa, na tena kifaa kisipojibiwa kilirudia kuuliza kila sekunde. Maana yake, kadiri chuo kilivyoelemewa na kushindwa kujibu, ndivyo maswali yalivyoongezeka! Kampuni ilikiri na baadaye ikakipa chuo dola 375,000, lakini ruta zilizokwishauzwa haziwezi kukusanywa dunia nzima.

Miaka miwili au mitatu baadaye yakamfika mtu mmoja mmoja. Poul-Henning Kamp, mtaalamu wa kompyuta wa Denmark, alikuwa na mashine ya daraja la 1 aliyoiweka kwa kujitolea, kwa ajili ya watumiaji wa nchini kwake tu, naye akapewa unganisho la mtandao bila malipo kwa sababu ni huduma ya jamii. Vifaa vya kampuni ya D-Link vikawa vinamuuliza kutoka kila pembe ya dunia. Kwa hesabu yake, maswali yaliyo mengi kabisa kwenye mashine ile yalikuwa ya vifaa hivyo, na gharama ikawa inamwelekea yeye. Alilalamika hadharani Aprili 2006 na mwisho wa mwezi huo wakapatana. Ninyi mpimeni: mtu ametega mtungi wa maji mlangoni kwake kwa wapita njia wa mtaa, kisha mfanyabiashara wa mbali anawaelekeza wateja wake wote hapo bila hata kubisha hodi.

Sisi tuna fundisho la isti'dhani. Mtume (s.a.w.) ametuelekeza kuomba ruhusa mlangoni mara tatu, na usipojibiwa urudi. Yupo mwanafunzi aliyenichekesha kwa kusema kwamba ruta zile zilihitaji madrasa. Na kweli, mafundi wenyewe wamefikia jambo linalofanana na hilo: programu yenye adabu isipojibiwa hurefusha muda kabla ya kuuliza tena, na kila kimya kinapoendelea nayo huzidi kusubiri. Mtoa saa akielemewa anaweza kumjibu muulizaji kwa neno moja, RATE, yaani punguza. Programu njema hutii. Programu mbovu haisomi hata jibu.

Kwa mtu wa kawaida, au kwa madrasa kama zetu za Geita, Kahama na Shinyanga, adabu zenyewe si nzito. Usiende kugonga kwa wakubwa wa daraja la 1 ilhali unachotaka ni saa ya kuadhini, kwa maana hao wamewekwa ili wawahudumie watoa saa wengine. Tangu Januari 2003 kuna jumuiya ya wanaojitolea iitwayo pool.ntp.org, yenye mashine elfu kadhaa duniani. Ukiandika jina hilo, unagawiwa mashine mojawapo kwa zamu ili mzigo usimwangukie mtu mmoja. Lipo pia fungu la bara letu, africa.pool.ntp.org, ingawa mashine za Afrika bado ni chache mno ukilinganisha na za Ulaya. Kampuni inayotaka kulitumia jina hilo ndani ya bidhaa zake inatakiwa ijiandikishe kwanza na ipewe fungu lake. Hata hivyo yasiyo ya adabu bado hutokea: Desemba 2016 programu ya simu ya Snapchat iliifurikia jumuiya hiyo kwa maswali, ila wenyewe walirekebisha upesi walipoambiwa.

Pia usiulize mara kwa mara bila haja. Kompyuta ya Windows XP ya zamani ilikuwa ikiuliza mara moja kwa wiki. Programu kama ntpd huuliza kila baada ya sekunde 64 mwanzoni, kisha ikishazoea mwendo wa saa yake husubiri hadi sekunde 1024, zaidi ya robo saa. Wapo vijana mafundi wanaoandika amri ya kuuliza kila dakika, tena dakika ikiwa kamili. Wengine nao wameandika hivyo hivyo, kwa hiyo wote hugonga mlango katika sekunde moja. Kama lazima uandike amri ya namna hiyo, chagua dakika isiyo na mpango, mfano ya 17 au ya 43.

Na kwa atakayejaaliwa siku moja kuwa mtoaji, ajue hiyo ni amana ya muda mrefu. Ukijiandikisha leo na ukajitoa mwakani, maswali hayatakoma siku hiyo, yataendelea kukujia kwa muda mrefu kutoka kwa mashine zilizokwisha kukukariri.

CHUMBA CHA KOMPYUTA CHA MADRASA

Tuseme chumba kina kompyuta kumi na modemu moja yenye bando la kubana. Si lazima zote kumi zitoke nje kuuliza. Moja iteuliwe kuwa mtoa saa wa nyumba. Hiyo ndiyo itakayouliza nje watoa saa wanne wa jumuiya, na tisa zilizobaki zitaiuliza yenyewe kwa waya wa ndani, bila kula bando. Hata mtandao ukikatika wiki nzima, zote kumi zitabaki zinalingana, na adhana hazitapishana.

Kwa mashine hiyo teule ningechagua Linux yenye programu iitwayo chrony, kwa sababu inayafaa mazingira yetu. Hujifunza saa ya mashine yake inakimbia au inachelewa kiasi gani, na mtandao usipokuwepo huendelea kuirekebisha kwa makadirio hayo. Kwenye Windows mna huduma ya saa tayari. Fungua mipangilio ya tarehe na saa, ruhusu saa ijirekebishe yenyewe, na ukitaka kujua inapokea kwa nani, andika kwenye dirisha la amri w32tm /query /source. Kwenye mashine ya chrony andika chronyc sources, utaona watoa saa wote na nani amekubaliwa. Mahali pasipo na intaneti kabisa, kipokezi cha GPS kilichowekwa penye uwazi wa mbingu huleta saa bila bando lolote. Usisahau kubadilisha ile betri.

SAA SAHIHI, ADHANA POTOFU

Sasa turudi kwenye swali la je, zote mbili zinaweza kuwa si kweli. Naam, zinaweza, tena saa zake zikiwa sahihi kwa sekunde.

NTP haijui Geita wala Tokyo. Hutuma saa moja tu ya dunia, na kompyuta yako ndiyo inayoongeza saa 3 za Afrika Mashariki kulingana na ukanda uliochaguliwa. Ukanda ukiwa si wetu, saa itakosea kwa saa nzima nzima. Mtu huona kosa, akasogeza saa kwa mkono, na baada ya muda kompyuta ikauliza tena na kuirudisha ilipokuwa. Watu husema mashine ina jini! Haina jini, rekebisha ukanda. Katika orodha ya Windows msiitafute Dar es Salaam, chagueni Nairobi, ni ukanda ule ule. Walio safarini kuelekea Rusumo nao wawe macho, kwa kuwa Rwanda na Burundi ziko nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikinasa mnara wa ng'ambo huweza kujibadilisha yenyewe.

Kubwa zaidi ni mji. Saa ya ukutani ni moja Tanzania nzima, lakini jua si moja. Dunia hugeuka digrii moja kwa kila dakika 4. Geita iko magharibi ya Dar es Salaam kwa digrii 7 hivi, kwa hiyo jua linapita juu yetu kama dakika 28 baada ya kupita Dar. Kwa Kahama ni kama dakika 27, kwa Shinyanga mjini 23 au 24. Magharibi hubadilika pia kwa majira, kwa sababu Dar iko kusini zaidi: kwa hesabu, Desemba jua la Geita huzama dakika 21 hivi baada ya la Dar, na Juni huzama dakika 35 hivi baadaye. Basi anayefuturu Geita kwa adhana ya redio inayotoka Dar, au kwa programu ya simu iliyoachwa kwenye mji wa Dar es Salaam, anakula jua likiwa bado juu ya upeo. Na asubuhi huacha kula daku mapema bila sababu, ila hilo halina madhara kwa funga yake.

Kwa hiyo ukifungua programu ya swala, angalia vitu vitatu kwa utaratibu huu: saa inapokea kwa nani, ukanda ni upi, mji ni upi. Na kuna njia ya kuvipima vyote bila umeme. Simamisheni kijiti wima kwenye uwanja ulio sawa, mtie alama ya ncha ya kivuli kila dakika chache kuanzia saa 6 na robo mchana. Kivuli kitafupika, kisha kitaanza kurefuka upande wa mashariki, na hapo ndipo jua limepinduka na adhuhuri imeingia. Kwa Geita, mwanzoni mwa Novemba hilo hutokea karibu saa 6 na dakika 35, na katikati ya Februari karibu saa 7 na dakika 5. Siku nyingine zote ziko kati ya hapo. Katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita utosini na kivuli karibu kipotee, kwa hiyo siku hizo kijiti hakifai sana. Kijiti na kompyuta vikipishana kwa dakika moja au mbili, ni macho yenu. Vikipishana kwa saa nzima, ni ukanda. Vikipishana kwa nusu saa hivi, fungueni programu mtazame jina la mji.